Kabla Hujalipa Kutoboa Tufe la Mwanao

Mwezi uliopita tulizungumzia uzito wa tufe linalomfaa mtoto, nikaahidi kwamba safari hii tutaingia kwenye mashimo. Wenzetu wa Kongo walioniandikia wakicheka kwamba bolingi inawakumbusha bolingo, nawaambia tena: huu ni mchezo wa kuangusha pini kumi, ingawa mapenzi nayo yamo, hasa ya mzazi kwa mtoto wakati wa kulipa. Na nasema tufe, si mpira, kwa sababu mpira hudunda. Hili likikuangukia mguuni, tofauti utaijua mwenyewe.

Barua za wazazi hufanana. Mtoto ameingia timu ya shule. Kwenye majimbo kama Ohio na Michigan bolingi ni mchezo rasmi wa sekondari, una kocha, una sare, una bingwa wa jimbo. Kocha amesema wakati umefika mtoto awe na tufe lake, maana yale ya ukumbi yametobolewa ili kila mkono uingie, na nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mnakwenda dukani, tufe zuri linapita dola 150, na kutoboa kuna malipo yake. Kisha fundi anauliza: "Mnataka mpangilio gani?" Mzazi anamtazama mtoto, mtoto anatazama simu, na jibu linatoka kwenye video ya bingwa fulani. Fundi anawasha keekee. Dakika chache baadaye tufe lina macho matatu kama nazi, na fedha imekwisha toka.

Jumamosi huwa nasaidia kwenye duka la fundi hapa Ohio, kwa hiyo swali hilo nimelisikia mara nyingi, na jibu langu ni moja. Mpangilio wa mashimo ni jambo la kweli, lakini hauna maana yoyote mpaka ajulikane anayelitupa tufe hilo ni nani. Fundi asiyemwona mtoto akitupa hajui anatoboa nini.

Miezi michache iliyopita alikuja baba mmoja, mwenyeji wa Tanga, na binti yake wa miaka 16. Walikuwa wamenunua tufe kwingine, la aina ileile anayotumia rafiki wa binti katika timu yao: rangi ileile, uzito uleule. La rafiki lilikwenda mbali, likakata kona mwishoni, likaingia kwenye pini vizuri. La binti lilikata kona mapema mno, likaivaa pini ya mbele usoni au likavuka kabisa upande wa kushoto. Kocha alisema binti anazungusha kiganja kupita kiasi. Binti alijitahidi kubana kiganja hadi kifundo kikamuuma. Nyumbani baba alikuwa ameanza kusema maneno ambayo baba huyasema anapoona fedha za zamu za usiku zinapotea.

"Fundi, niambie ukweli," aliniambia. "Mtoto hana bidii, au tufe lina kasoro?"

Nilimwambia, "Mzee, naomba kwanza tumtazame akitupa."

Ili uelewe tulichokiona, tuanze na njia yenyewe. Kutoka mstari wa kutupia hadi pini ya mbele ni futi 60, kama mita 18. Upana wake ni mbao 39, mita moja na kidogo. Sehemu ya mwanzo, mara nyingi hadi kama futi 40, hupakwa mafuta membamba ambayo macho hayayaoni kwa urahisi. Tufe likiwa juu ya mafuta huteleza. Likifika pakavu huanza kushika na kupinda. Baada ya hapo hubiringika likiwa limetulia hadi kwenye pini. Kuteleza, kupinda, kubiringika: hizo ndizo hatua tatu, na ufundi wote wa mchezo huu ni kuzipanga zitokee mahali panapofaa.

Kwa nini tunataka lipinde? Kwa sababu pini zimepangwa pembetatu. Tufe likiigonga ya mbele usoni, mara nyingi huacha pini zimebaki huku na huku kama meno ya mtoto wa miaka saba. Linapoingia kwa mshazari, ubavuni mwa pini ya mbele, kwa pembe ya kama nyuzi 6, uwezekano wa kuangusha zote huwa mkubwa. Njia ni nyembamba, kwa hiyo huwezi kuipata pembe hiyo kwa kutupa moja kwa moja. Lazima tufe lipinde. Likipinda mapema mno, nguvu zake huishia njiani na hupita pasipotakiwa. Likichelewa, halifiki kwenye ubavu huo.

Sasa tuingie ndani ya tufe. Wengi hudhani ni kitu kimoja kigumu kote. Sivyo. Fikiria embe: lina ganda, lina nyama, na katikati lina kokwa lenye umbo lake, ambalo si duara. Tufe la kisasa lina ganda la nje linaloshika njia, na ndani lina kiini kizito chenye umbo la makusudi. Kiwandani huweka kitone cha rangi juu ya ganda kuonyesha kichwa cha kiini kiko upande gani. Mafundi wa hapa hukiita pini, lakini mimi nitasema kitone, tusichanganye na zile pini kumi.

Wengi wetu tulicheza pia utotoni. Pia ikisimama wima huzunguka kimya, kana kwamba imelala. Ikiinama huanza kuyumba, kichwa chake kikichora duara hewani. Kiini ndani ya tufe hufanya jambo linalofanana na hilo. Kikiwa kimeinama wakati tufe linaachiwa, mhimili wa mzunguko huhama kidogo kila tufe linapozunguka. Ukilichukua tufe linaporudi kutoka kwenye mashine utaona ushahidi: michirizi ya mafuta imelizunguka, mmoja kando ya mwingine, imeachana upande mmoja na kukutana mahali pawili. Kila mchirizi ni mzunguko mmoja. Ikiachana sana, maana yake kila mzunguko tufe linagusa njia kwa sehemu mpya isiyo na mafuta, nayo hushika vizuri zaidi. Ikiwa imebanana mahali pamoja, ganda linarudia kugusa kwa sehemu ileile iliyokwisha lowa mafuta.

Kazi ya mpangilio wa mashimo ni kuamua kiini kitainama kiasi gani mtoto anapoliachia tufe. Mashimo huelekeza mkono ulishike tufe upande gani, na mkono huamua tufe litazunguka kwa mhimili upi. Ukisogeza mashimo kwa inchi moja, umekisogeza kiini kwa inchi moja kulingana na mhimili huo.

Hapa ndipo penye kipimo chenye uzito kuliko vyote. Dunia inazunguka na ina ncha zake. Tufe nalo, linapotoka mkononi, lina mhimili na ncha yake, nukta ubavuni ambayo kila kitu huizunguka. Kutoka nukta hiyo hadi kwenye kitone, fundi hupima inchi, na kwa tufe lenye kiini cha kawaida mambo huwa hivi. Kitone kikiwa juu ya ncha yenyewe, inchi 0, kiini ni pia iliyosimama: tufe hubiringika mapema, limetulia, michirizi haiachani. Kitone kikiwa umbali wa inchi 6 na 3/4, yaani robo ya mzingo wa tufe, kiini kimelala chali na kimetulia vilevile, michirizi imebanana, ila tufe huteleza zaidi kabla ya kushika. Katikati ya hizo mbili, inchi 3 na 3/8, kiini kimeinama nusu kwa nusu. Hapo ndipo hakitulii kabisa, michirizi huachana kuliko pengine popote, na tufe hushika njia kwa nguvu.

Kwa hiyo fundi anayetaka tufe lishike mapema na kupinda polepole anaweza kuweka kitone inchi 2 hivi kutoka kwenye ncha. Anayetaka liende mbali kwanza, lisihangaike njiani, ataweka inchi 5 hivi. Pia kuna habari ya kitone kuwa juu ya mashimo ya vidole au chini yake. Kikiwa juu, kwa kawaida tufe huhifadhi nguvu na kugeuka kwa ukali zaidi mwishoni. Kikiwa chini, hugeuka kwa upole. Ndiyo maana watoto wote wanataka "juu." Wameona kona kali kwenye video, hawakuona kwamba anayetupa amefanya hivyo tangu utotoni.

Turudi kwa binti wa Tanga. Kuitafuta ncha ya mhimili si uchawi. Nilibandika kipande kidogo cha utepe mweupe pale nilipokisia, binti akatupa, baba akapiga video ya mwendo wa polepole kwa simu yake. Utepe ukiyumba na kuchora duara futi za mwanzo, hapo si penyewe. Unausogeza kidogo, anatupa tena. Utepe ukizunguka papo hapo bila kuyumba, umeipata. Kwa binti tulirudia mara tano.

Watoboaji wengi wasiopima hutumia kipimo cha mazoea: inchi 5 kulia kutoka katikati ya mashimo na nusu inchi juu. Kipimo hicho kinawafaa watu wengi, ndiyo maana kikawa mazoea. Ncha ya binti ilikuwa inchi 4 tu. Karatasi waliyopewa dukani ilisema kitone kipo inchi 5 kutoka kwenye ncha, kama la rafiki yake. Kwa mkono wa binti kilikuwa inchi 4. Waliagiza tufe la kwenda mbali, wakapewa linaloanza kushika mapema, na hakuna aliyekusudia hivyo. Aliyetoboa hakumwona akitupa, basi. Kiganja cha binti hakikuwa na kosa lolote.

Baba alinyamaza kidogo. Kisha akamgeukia binti akasema, "Mwanangu, pole." Binti akatazama viatu vyake. Mimi nikajifanya natafuta msasa.

Msasa ndio uliofuata kweli. Hapa wazazi nisikilizeni vizuri, maana pana fedha zenu. Baba alitaka tuzibe mashimo palepale tutoboe upya. Inawezekana: mashimo huzibwa kwa resini, ikikauka tufe hutobolewa tena. Lakini kabla ya hapo kuna dawa rahisi. USBC, chombo kinachosimamia bolingi Marekani, kiliwahi kufanya utafiti mrefu wa mwendo wa matufe, na kilichojitokeza mbele ya mengine ni ukwaruzo wa ganda. Ganda lililokwaruzwa kwa msasa mkali hushika mapema. Lililosuguliwa kwa msasa laini au kung'arishwa huteleza mbali zaidi. Mpangilio wa mashimo ni kama chumvi ya mwisho kwenye mchuzi. Ganda ni mchuzi wenyewe.

Tulisugua ganda la binti kwa msasa laini, tukaling'arisha. Gharama yake ilikuwa dola chache. Tufe likaanza kwenda mbele futi kadhaa zaidi kabla ya kushika, na pini ya mbele haikupigwa tena usoni kila mara. Nasema kila mara, kwa sababu bado kulikuwa na mitupo mibaya. Ana miaka 16, si mashine. Lakini sasa mtupo mbaya ulikuwa wake na mzuri ulikuwa wake, naye angeweza kujifunza kutokana na yote mawili. Mkono wake ukiongezeka, tutaziba na kutoboa upya kwa ncha yake mwenyewe. Kumbukeni tu kwamba kusugua ganda hufanywa kabla ya mashindano kuanza. Mashindano yaliyoidhinishwa yakishaanza, kulibadilisha ganda ni marufuku.

Kuna jambo jingine la sheria linalozigusa familia zenye watoto wengi. Siku hizi vijana wengi hutupa kwa mikono miwili, kwa mtindo uliosambazwa na Jason Belmonte wa Australia na, kabla yake, Osku Palermaa wa Finland. Wengi wao hawaingizi kidole gumba. Tangu Agosti 1, 2020, sheria za USBC hazikubali shimo lisilotumika kushikia. Zamani liliruhusiwa shimo la ziada la kusawazisha uzito, sasa halipo. Maana yake nini kwetu? Kaka mkubwa anayeingiza kidole gumba akimrithisha tufe lake mdogo wake anayetupa kwa mikono miwili bila kidole hicho, shimo lile litakuwa kosa katika mashindano yaliyoidhinishwa. Lizibeni kwanza. Urithi ni mwema, ila msije mkamwona mtoto anatolewa mchezoni siku ya fainali kwa shimo ambalo hata halitumii.

Na kwa mtoto anayeanza kabisa, anayetupa moja kwa moja kwa tufe la plastiki, msisumbuke na mpangilio. Tufe la plastiki huwa halina kiini cha maana, na ganda lake ni laini, huteleza karibu njia nzima. Popote fundi atakapotoboa, litakwenda vilevile. Lisilobadilika ni kwamba mashimo lazima yaukae mkono. Nafasi kati ya kidole gumba na vidole viwili ikizidi, kiganja kinavutika na kifundo kinauma. Ikipungua, mtoto hulibana tufe, na anayebana hawezi kuliachia kwa ulaini. Malengelenge kwenye kidole gumba ni barua ya malalamiko, isomeni. Mkono unaouma hautatupa mara mbili kwa namna moja, na bila hilo hakuna mpangilio unaoweza kufanya kazi.

Basi mkifika dukani, kabla keekee haijaguswa, mwombeni fundi mambo matatu. Kwanza, amwone mtoto akitupa na kuipima ncha ya mhimili wake. Wengi hawatozi kwa hilo, na anayekataa, ondokeni kwa heshima. Pili, aupime mkono leo, asitumie karatasi ya mwaka jana. Vidole vya watoto hukua kama mahindi ya masika. Tatu, awaandikie vipimo vyote: ncha iko wapi, kitone kiko inchi ngapi kutoka kwenye ncha, nafasi ya vidole ni ngapi. Siku mkihama mji, na sisi watu wa ughaibuni tunahama, karatasi hiyo itamsaidia fundi mwingine kuanza pale mlipoishia.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya mchezo tu. Tangu 2004 NCAA ina ubingwa wa bolingi kwa wanawake wa vyuo vikuu, na vipo vyuo vinavyotoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji. USBC nayo ina mfuko uitwao SMART, ambamo zawadi za masomo wanazoshinda vijana huwekwa hadi watakapoingia chuoni. Simwahidi mtu chochote. Wanaofika huko ni wachache, na waliofika walitupa maelfu ya mitupo kwanza. Lakini binti anayeambiwa mwaka mzima kwamba kiganja chake kina kosa ambalo hakina, huacha kutupa kabla ya kufika hata nusu ya maelfu hayo.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumzia viatu, na kwa nini soli ya kulia na ya kushoto hazipaswi kufanana. Wenye maswali ya mashimo endeleeni kuandika. Na mkiniandikia, niambieni mtoto anatupa kwa mkono upi, na kama kidole gumba kinaingia.